Mguu wa Namba Nne

"Kanyaga hapa, Mwaitu," Nzembi alisema, akalaza kipande cha katoni miguuni pa mama mkwe wake.

Mama mkwe alivua kandambili, akakanyaga. Kidole gumba kilipita mstari wa kalamu kwa inchi nzima na kisigino kikamwagika pembeni.

Katoni hiyo aliiokota asubuhi dukani kwa mumewe, mjini Voi. Kituku alikuwa fundi wa viatu vya ngozi, na kila mteja alichorewa mguu wake kwenye katoni, kisha jina na nambari ya simu vikaandikwa kando. Hii haikuwa na nambari ya simu. Ilikuwa na jina tu: Kasiva. Mguu mwembamba, wa kike, namba nne. Juu ya meza palikuwa na kiatu chake kimoja ambacho tayari kilikuwa kimeshonwa, cheusi, cha ngozi laini ya ndama, bila kisigino kirefu. Hilo la kisigino ndilo lililomchoma zaidi. Mwanamke asiyehitaji kuinuliwa ni mwanamke anayejiamini.

Mama mkwe, ambaye Nzembi alimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, jina lake naye lilikuwa Kasiva. Kutoka mjini hadi Mraru, njia nzima, Nzembi alikuwa akiomba Mungu mguu uwe wake.

"Kama si wako ni wa nani, Mwaitu?"

Mama mkwe aliinama akaufuata ule mchoro kwa kidole. "Ni mguu mzuri," alisema. "Usiikunje hiyo katoni, Mama Derrick." Kisha akaingia jikoni kuangalia sufuria yake ya muthokoi.

Nzembi hakumlaumu. Walipatana vizuri, wao wawili. Zamani mama mkwe alimsumbua kidogo, kama wamama wengine wa Ukambani, kwa sababu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Derrick alipozaliwa, mama mkwe aliuliza wajina wake yuko wapi. Donald alipozaliwa, akauliza tena. Ilikuwa miaka sasa tangu aache kuuliza, na Nzembi alimshukuru kwa hilo.

Alichokuwa nacho Nzembi ni wivu, na hakuuficha. Ulianza siku ile ile Kituku alipoanza kushona. Wateja walipenda kumuuliza aliingiaje kwenye kazi ya ngozi, naye alikuwa na hadithi yake moja. Alikuwa dereva wa lori, njia ya Taveta. Siku moja akanunua msharasi wa kutobolea ngozi, akashona jozi yake ya kwanza ndani ya lori, amekunja magoti, na kiatu kimoja kikatoka kikubwa kuliko kingine.

"Lakini aliyevaa hakulalamika," alikuwa akimalizia, akicheka peke yake.

"Na alikuwa nani?" Nzembi alikuwa akiuliza.

"Mteja tu."

Yeye mkewe alipata jozi ya sita, baada ya ndugu zake wote na mchungaji. Tena ilimbana, na alilalamika mtaa mzima ukasikia. Miaka kumi na mmoja alimchukia huyo mteja mpole ambaye hakuwahi kumwona.

Sasa alikuwa na jina lake. Na sokoni Voi palikuwa na Kasiva mmoja, muuza mitumba, mrembo, mjane, mwenye kicheko cha kusikika mpaka stesheni ya reli. Kesho yake Nzembi alisimama mbele ya rundo lake la mablanketi.

"Vua kiatu."

"Mama Derrick, niko na wateja."

"Nimesema vua."

Kasiva aliitazama katoni, akamtazama Nzembi, akaelewa. Alivua kiatu taratibu na kuweka mguu wake juu ya mchoro, mguu mpana, namba saba kamili.

"Ningekuwa na kamguu kama haka singekuwa hapa nikipanga mablanketi," alisema. "Nenda nyumbani, dada. Na usirudi kwangu na mambo ya bwanako."

Watu walicheka. Nzembi aliondoka uso ukimwaka kwa aibu, lakini aibu haikuuzima ule moto wa ndani. Kama haikuwa huyu, basi palikuwa na mwingine, na huyo mwingine alikuwa mzuri kuliko huyu. Aliapa kwamba akimpata tu, atawachukua wanawe na kurudi kwao Kibwezi, na Kituku abaki na ngozi zake.

Alikwenda moja kwa moja dukani. Lilikuwa limefungwa. Kituku alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Taveta kununua ngozi, safari yake ya kila mwaka, wiki ya kwanza ya Januari. Nzembi alifungua kwa ufunguo wake. Pale mezani, kile kiatu cheusi hakikuwapo.

Alitafuta nambari ya simu ya mwenye kiatu. Alipekua droo ya misumari, akapindua makopo ya gundi, akavuta kalibu zote za mbao za kuumbia viatu zilizopangwa chini ya meza. Nyuma kabisa palikuwa na bunda la katoni, limefungwa vizuri kwa uzi wa kushonea. Alikata uzi kwa kisu cha Kituku.

Ya juu iliandikwa Kasiva. Iliyofuata, Kasiva. Pamoja na ile aliyokuja nayo, zilikuwa kumi na moja. Alitabasamu kwa uchungu. Kumbe alimshonea kila mwaka.

Akazipanga mezani, kuanzia ile aliyokuja nayo. Ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko ya pili. Ziliendelea hivyo, mwaka hadi mwaka, zote kwa jina lile lile, mpaka ya mwisho, ambayo mguu wake mzima ulienea kwenye kiganja cha Nzembi, na nafasi ikabaki.