Mgeni wa Nyuma ya Tangi

Alipiga magoti mchangani, akalaza njiti ya kiberiti kando ya unyayo. Unyayo ulikuwa mfupi kuliko njiti. Alijikung'uta, akaenda kusimama chini ya dirisha la chumba cha kulala.

"Nani kapita?" sauti ya mumewe iliuliza kutoka ndani.

"Njiti moja kasoro kidogo. Vidole vinne. Kucha hazionekani."

"Kanu," mume akajibu papo hapo. "Paka wa jirani ana mguu mpana zaidi. Katokea upande gani?"

"Wa mpapai."

"Anafuata panya, huyo. Haya, mwingine."

Hivyo ndivyo kila asubuhi ilivyoanza kwa miezi minane, tangu mume alipoteleza kwenye ngazi akizibua mfereji wa paa na kuangukia mgongo, akabaki wa kitandani. Kwa miaka thelathini alikuwa askari wa wanyamapori. Sasa pori lake lilikuwa bustani ya hatua ishirini. Jioni mke aliufagia mchanga wa mbele ya dirisha mpaka ukawa laini kama unga, asubuhi aliusoma. Yeye alieleza, mume alitaja jina.

Mwanzoni aliupenda mchezo huo. Alifurahi kujua kwamba nungunungu huburuta miiba na kuacha mistari kama ya chanuo, na kwamba kenge hupita huku akichora wimbi kwa mkia. Mume alimfundisha kwa subira: anayekimbia huchimba kwa vidole, anayetembea kwa raha hukanyagisha kisigino chote, aliyeumia hatua zake hazilingani.

Lakini baada ya mchezo zilifuata kazi: beseni, taulo, uji, dawa, kumgeuza, kumkanda miguu, kufua shuka. Dukani alikwenda mbio na kurudi mbio. Lango halikuwa na kufuli, wala hakuna aliyemkataza kulipita. Hata hivyo, tangu siku ile ya ngazi, hakuwa amefika mbali kuliko duka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja mara mbili. "Miguu hii haijakonda hata kidogo," alisema akiibonyezabonyeza. "Mama, unamkanda vizuri sana." Siku hiyo mke alitembea kifua mbele mpaka jioni.

Juzi binti yao wa pekee alipiga simu kutoka mji mwingine. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimiza miezi tisa, na daktari alikuwa ameamua kumpasua mwishoni mwa wiki.

"Mama, njoo. Hata siku tatu tu. Naogopa."

Alimweleza mumewe huku akimnywesha uji kwa kijiko.

"Nenda," mume akasema, macho yake dirishani. "Nani kakuzuia? Mimi utanikuta papa hapa, nitaenda wapi? Ukinikuta nimekauka, waite nguchiro wanizike. Ingawa nao wana shughuli zao siku hizi. Wamezaa. Watoto watatu, chini ya tangi."

"Usiseme hivyo, mzee wangu."

"Natania, mama. Nenda kamwone mwanao."

Alilitamka neno hilo kwa upole kiasi kwamba mke alijiona mkatili kwa kuwaza tu safari. Aliwaomba mawifi zake wamwangalie kaka yao, wote wakatoa udhuru, mmoja baada ya mwingine. Jana mchana alimpigia binti kumwambia kwamba hatakuja. Binti hakulia. Alisema, "Sawa, mama," kisha akakata simu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Ili asikae akalia, alishika koleo. Nyuma ya nyumba, upande usio na dirisha hata moja, palikuwa na tangi la maji na changarawe tupu isiyoshika alama yoyote. Alibeba ndoo kumi na mbili za mchanga, akautandaza kutoka kwenye tangi hadi ukutani, akausawazisha kwa fagio. Hakumwambia mumewe. Alitaka kumpelekea nyayo za watoto wa nguchiro, kama zawadi ya mfungwa kwa mfungwa mwenzake.

Leo asubuhi nyayo zilikuwepo, ndogondogo, zimepishana kama watoto waliotoka shule. Katikati yake alikuwa amepita mgeni mwingine. Mke alipiga magoti kwa muda mrefu. Alipima mara mbili, akazifuata nyayo hizo mpaka mwisho wake. Hakwenda dirishani. Aliingia chumbani, akashusha begi kutoka juu ya kabati.

"Nani kapita?" mume akauliza.

"Nguchiro, mama na watoto watatu. Na mwingine nisiyemtarajia."

Macho ya mume yaling'aa. "Njiti ngapi?"

"Sita."

"Sita! Umepima vibaya. Vidole?"

"Vitano. Kucha hazikugusa mchanga."

"Basi ni nyani, tena dume!" Alijiinua kwa viwiko. "Hawajawahi kufika huku. Kisigino je?"

"Kimekanyaga chote. Hatua zinalingana. Hakimbii wala hachechemei."

"Na mikono? Nyani huweka mikono chini."

"Hakuweka. Alitembea kwa miguu miwili tu."

Mume alijilaza tena polepole. Nje, ndege alitua dirishani, akaruka.

"Umeziona wapi?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Zimeanzia mlango wa nyuma, zikaenda hadi kwenye tangi. Hapo alichuchumaa, akawatazama watoto wa nguchiro, kisha akarudi ndani." Mke alifunga zipu ya begi, akalitundika begani. "Uji uko jikoni, mzee wangu. Kajipakulie."