Salamu Zilizopunguzwa

Tangu sauti za marehemu zihifadhiwe na kuwezeshwa kuzungumza kwenye mtandao wa maktaba ya wilaya, Bi Mwanahawa alikwenda kila Alhamisi kusalimiana na mumewe, Shomari. Shomari alikuwa akimwuliza habari za mguu, za jirani mkorofi, hata za paka, kama zamani chai ikiwapoa. Nyumbani hakukuwa na mwingine wa kumwuliza.

"Bibi, mtandao umezidiwa," alisema mkutubi Alhamisi moja. "Tumewapunguzia marehemu maneno yasiyo ya lazima, sauti zao zisikatikekatike."

Bi Mwanahawa akavaa spika za masikioni. "Baba Zuhura, umeamkaje?"

"Sema shida yako," ilijibu sauti ya Shomari.

Alingoja aulizwe mguu.

"Sina shida, mume wangu. Nimekuja kukuamkia tu."

"Sema shida yako."