Rangi Isiyotoka

Fundi rangi alimwingiza mkewe chumbani amemshika mkono. Asubuhi ile hospitalini walikuwa wamemtoa mke bandeji ya macho, baada ya mtoto wa jicho kumfichia dunia kwa miaka. Fundi akajikausha, akingoja asifiwe kwa ukuta wa kijani alioupaka kwa ajili yake tu.

Mke hata hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na maua ya maboga yalikuwa yametanda juu ya uzio.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Njano yote hii umeimwaga kwenye maboga tu?"

Fundi akakohoa. "Na ukuta je?"

"Mzuri, Fundi. Usione wivu. Aliyepaka haya alianza kazi kabla hujazaliwa."

Hapo ndipo alipogeuka akamtazama yeye, akaguna. Tangu waoane, mume alikuwa akirudi na madoa ya rangi kichwani, na mke ndiye aliyekuwa akiyafuta. Akamkalisha kitandani, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua ile nyeupe iliyokuwa juu ya masikio.

Akasugua. Akasugua tena, polepole zaidi.

"Fundi, mbona hii haitoki?"

"Hiyo si kazi yangu, mama," alisema mumewe. "Ni ya huyo huyo wa maboga."

Mkono wake ukasimama. Akaweka kitambaa chini, akakivuta kile kichwa taratibu hadi kwenye mwanga wa dirisha.

"Yesu wangu," akanong'ona tena.