Pigo Lile Lile

Wimbo wa tatu ulipoanza sawasawa na wa pili, ambao nao ulianza sawasawa na wa kwanza, Nyundo alizima redio akacheka kicheko kisicho na raha.

"Hii ndiyo albamu waliyojifungia miezi yote hii?" alimuuliza mkewe.

Mama mapacha alikuwa dirishani akishona kifungo cha shati, jua likimpiga mgongoni. "Kwangu zote ni kelele," alisema. "Lakini shemeji alipoileta hiyo CD asubuhi alisisitiza usikilize yote."

Shemeji huyo ndiye kaka yake Nyundo, na bendi ilikuwa yao wawili na jirani mmoja mwenye gitaa. Iliitwa Jipu. Walipiga slam, aina nzito ya muziki wa deth metali ambamo gitaa hukokota miguu na mwimbaji hukoroma kama sinki lililoziba. Kaka alikoroma, Nyundo alipiga dramu, na mashabiki walimpenda kwa sababu hakurudia kitu.

Walifanya mazoezi stoo, nyuma ya nyumba hii hii. Siku waliyoamua kurekodi hawakufika popote. Nyundo alikuwa akigongagonga pigo moja tu huku wenzake wakipanga na kujaribu maikrofoni, mara mvua ikashuka, akaitwa na mkewe kuanua nguo za watoto. Mtu mzima aliyevaa fulana yenye fuvu la kichwa, mbio na nepi mikononi. Walicheka, wakaahirisha. Kesho yake msumeno wa karakana alikofanya kazi ukamla vidole vya mkono wa kulia.

Hospitalini kaka alimwinamia kitandani. "Kiti chako hakikaliwi na mtu, mdogo wangu. Haki ya Mungu."

Neno hilo ndilo lililomwinua Nyundo kitandani. Na sasa albamu imetoka, inaitwa Usaha, na dramu zimejaa mwanzo hadi mwisho. Basi kuna mtu aliyekaa.

Akawasha tena. Wimbo wa nne, pigo lile lile. Wa tano, lile lile. Hakuna kupanda wala kushuka, mtu anatwanga tu kama anayesubiri chakula kiive. Halafu, chini ya gitaa, akasikia kitu kikilia: kwii, kwii. Ilikuwa pedali yake, aliyokataa miaka yote kuitia mafuta kwa kuamini mlio ule una bahati.

"Amekalia kiti changu," alisema. "Na anakanyaga pedali yangu."

"Baba mapacha, si umalize kwanza?"

Hakumaliza. Alichukua simu kwa mkono wa kushoto, akafungua kundi la mashabiki, ambamo kaka naye alikuwamo, akarekodi.

"Wapenzi wa Jipu, msitupe hela zenu. Huyu mpiga dramu wao mpya anajua pigo moja, kama mtoto aliyepewa sufuria. Na kaka yangu ni mwongo. Aliniapia nikiwa nimefungwa bandeji, kisha akanibadilisha kwa mtu asiyejua kazi. Kuanzia leo sina kaka."

Akatuma. Mama mapacha alitikisa kichwa, akauma uzi kwa meno. Kwenye kundi watu walishaanza kucheka na kumpongeza. Mmoja akaandika kwamba huyo mpiga dramu arudishwe jikoni. Nyundo alisoma yote, akajisikia nafuu kidogo.

Ndipo ujumbe wa kaka ukaingia, kwake peke yake. "Ulisikiliza mpaka mwisho?"

Nyundo alisonya. Kwa hasira tu, ili asije akaambiwa ameonea mtu, aliuruka msururu wote hadi wimbo wa mwisho, akaongeza sauti. Pigo lile lile. Kaka akakoroma, akanyamaza. Gitaa likanyamaza. Zikabaki dramu peke yake, na kwii, kwii ya pedali.

Kisha dramu zikakatika katikati ya pigo. Kiti kikaburutwa sakafuni. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, na Nyundo akageuka kutazama dirishani, ambako jua lilikuwa linawaka vilevile.

"Baba mapacha," mwanamke aliita kwa mbali, ndani ya redio, "mvua hiyo, nepi zinalowa."

Mama mapacha aliacha kushona.