Kindi Aliyeshindwa na Mikono

Tulieni, Kindi huyo anakuja. Alijifunza kuchora mwenyewe, kwa mkaa, ila vidole vilimshinda, basi kila mnyama alimchora mikono iko mgongoni.

Chui akaiona picha yake. "Umenichora kama mwizi aliyefungwa kamba! Chora makucha yangu, ama uyaonje."

"Basi nyoosha mikono, bwana mkubwa, na usitikisike."

Kindi akachora, akafuta, akachora tena. Mkono wa kwanza ulitoka kama muhogo, wa tano kama reki. Wa ishirini, lo, mkono wa chui hasa! Kindi akacheka mpaka akasahau hofu.

"Mzuri," Chui akasema. "Sasa nakula."

Akaruka, akaanguka kifudifudi. Miguu yote ilikuwa imekufa ganzi.

Kindi, keshafika mtini, akapiga kelele: "Kaa hivyohivyo, bwana mkubwa, bado mkia!"