Zabuni ya Mfumo wa Vibali vya Kisimani

Wanyama fulani walikuwa na kisima na serikali, na kati ya viwili hivyo, kisima ndicho kilichofanya kazi. Ila huwezi kunywa bila kibali, na vibali vilitoka kwenye mfumo wa Kobe. Ndama akiombewa kibali, kilitoka ameshaota pembe.

Kelele zilipozidi, serikali ikatangaza zabuni ya mfumo mpya wa kompyuta. Nguchiro alileta bei ya chini. Kanga alileta bei ya juu, pamoja na matengenezo. Nyumbu, mwenyekiti wa kamati ya tathmini, akachagua bei ya chini.

Kanga hajapata hata barua, Kobe huyo mlangoni. "Umeonewa, dada. Cha rahisi ni ghali. Kata rufaa!"

Kanga akakata rufaa, akashinda. Nyumbu akapima upya kwa ubora, akampa Kanga.

Nguchiro hajamaliza kutukana, Kobe huyo. "Umeonewa, kaka. Serikali gani inaacha rahisi inanunua ghali? Kata rufaa!"

Nguchiro naye akashinda. Nyumbu akashika kichwa. "Basi, mpaka mabishano yaishe, Kobe aendelee na mfumo wake."

"Lakini hata Kobe alikuja kuniambia nimeonewa!" Kanga akalalamika.

"Na mimi pia!" akadakia Nguchiro.

Swala, mwenye kiu tangu masika, akasimama. "Mheshimiwa, huyu Kobe anayechukua mwaka mzima kutoa kibali, kwa hawa wawili alifikaje upesi hivyo?"

"Swali zuri sana," akasema Nyumbu. "Kaombe kibali cha kuliuliza. Kinatolewa na Kobe."