Harufu ya Samaki

Kaltuma aliunusa ule mtungi wa chuma mara ya tatu, akakunja uso. "Samaki! Hawa wavuvi wa mtoni hawana haya?"

Mumewe alikuwa ameuokota malishoni nyuma ya Garsen, mafuriko yalipokauka. Ulikuwa wa mviringo kama kibuyu, mwepesi, hauna hata chembe ya kutu. Wa pili ulikuwa umepasuka, unafuka moshi mwekundu, akauacha hukohuko.

"Redio ilitaja setilaiti iliyoanguka," alisema mumewe. "Ati ina mafuta ya aina mbili, kila aina na mtungi wake, na yakikutana yanawaka bila kiberiti."

"Hayo ni mafuta. Huu unanuka samaki."

Kwao wafugaji, maziwa hayatiwi katika chombo chenye harufu hiyo. Dawa yake alifundishwa na mamake: unatumbukiza kaa la moto ndani, unafunika, moshi unasafisha.

Akauinamisha. Matone mawili yakadondoka, maangavu kama maji. Akachagua kaa moja jikoni, akalipuliza mpaka likawa jekundu, akalisogeza kwenye tundu.

"Baba Huka," alimwita mumewe, "njoo unishikie kifuniko."